Milimita Moja kwa Siku: Viunzi vya Neva Vinavyochapwa na Majeruhi wa Kibati

Neva ya mkono au mguu ikikatika huota upya, ila mwendo wake ni takriban milimita moja kwa siku. Tumchukue mtu aliyepigwa risasi ya paja, ikaikata neva kubwa inayoshuka mguuni. Kutoka pale mpaka kwenye misuli midogo ya wayo kuna kama sentimita 60. Hizo ni siku 600, yaani mwaka na miezi minane, tena endapo ncha ziliunganishwa siku ileile na uotaji haukukwama popote. Misuli nayo haina subira hiyo. Isipopata amri ya neva huanza kunyauka ndani ya wiki chache, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu pale ambapo neva ingejishikiza huwa hapapokei tena. Kwa mtu huyu, hata ushonaji bora kuliko wote duniani utafika wayoni ukiwa umechelewa.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, maabara za Marekani, Ulaya na Asia zimekuwa zikichapa kwa printa maalumu viunzi vya haidrojeli, yaani jeli laini iliyojaa maji, ili neva iliyokatika ipate njia ya kuotea. Habari hizo zikifika kwetu hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaoshangilia kana kwamba waliopooza watatembea kesho, na wapo wanaocheka kwamba hayo ni mambo ya wenye umeme usiokatika. Wote wameiruka hesabu ya hapo juu. Tishu ya kuzibia pengo la neva ni adimu kweli, lakini muda ni adimu zaidi, na kila kiunzi kinachotoka kwenye mashine hizo kinastahili kuulizwa swali moja: kinampunguzia majeruhi siku, au kinamwongezea?

Swali hilo halipimiki vizuri Boston wala Kyoto. Linapimika Kibati.

Kibati iko kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika teritwari ya Nyiragongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Watalii wanaijua kwa kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga, ambako safari ya kuupanda mlima Nyiragongo huanzia. Watu wa Goma wanaijua kwa chukudu, yaani skuta za mbao za kubebea mizigo, zinazoteremka zimesheheni makaa, viazi na kabichi. Walio mbali waliisikia kupitia vita. Mwishoni mwa 2008, wapiganaji wa CNDP waliposogea, kambi za Kibati zilijaa watu zaidi ya 60,000. Agosti 2013 vilima vyake vilikuwa mstari wa mbele kati ya waasi wa M23 na jeshi la Kongo, likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tanzania ilipoteza afisa wake huko. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliikata barabara yenyewe. Novemba 2022 mapigano yalirudi Kibumba, upande wa juu, na waliokimbia wakajazana Kanyaruchinya, upande wa chini. Januari 2025 M23 iliingia Goma.

Vita vya namna hii huacha majeraha ya mikono na miguu zaidi kuliko mengine, kwa sababu aliyepigwa kifuani mara nyingi hafiki hospitali. Na mikononi na miguuni neva hupita zikiwa zimeugusa mfupa. Neva ya radiali imeuzunguka mfupa wa mkono wa juu. Risasi ikiuvunja mfupa huo, kiganja kinaning'inia na mtu hawezi kukiinua. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna neva nyingine iliyolala juujuu chini ya ngozi. Ikijeruhiwa, unyayo unaburuta. Mkulima wa Kibati anayelima juu ya mawe ya volkano hawezi kazi na unyayo unaoburuta. Na dereva wa chukudu, ambaye hufunga breki kwa mguu akiteremka na mzigo mkubwa, hana tena kazi.

Majeruhi huyo akipata njia, atapelekwa Goma, labda hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa na timu ya upasuaji kwa miaka mingi. Januari 2025 hospitali hiyo ililemewa kiasi cha kulaza watu sakafuni na kwenye mahema. Lakini hata siku ambayo vitanda vipo, neva yake haitashonwa siku ya kwanza, na hilo si uzembe. Jeraha la vita limeingiwa na udongo, nguo na vipande vya chuma. Kanuni ya upasuaji wa vita ni kusafisha, kukata nyama iliyokufa, kuliacha wazi, kisha kulifunga baada ya siku nne hadi saba hivi. Daktari akiziona ncha za neva huzitia alama kwa uzi usioyeyuka na kuziacha. Akizishona mapema atakuwa ameshona sehemu iliyokwisha kuharibika bila yeye kuiona, na usaha utamaliza kilichobaki.

Kisha kuna sababu ya pili ya kungoja, ambayo humshangaza kila anayeisikia mara ya kwanza: neva nyingi zilizonyamazishwa na risasi hazijakatika. Mwaka 1943 Herbert Seddon, daktari Mwingereza aliyekuwa akitibu majeruhi wa vita huko Oxford, aliyagawa majeraha ya neva katika makundi matatu. Kundi la kwanza neva imezimia tu, na itazinduka. La pili nyuzi za ndani zimekatika lakini ganda limebaki, hivyo zitaota zikiwa ndani ya njia yao ya zamani. La tatu kila kitu kimekatika, na hapo bila kisu hakuna tumaini. Kwa nje makundi yote matatu yanafanana: mkono umelala. Madaktari wa jeshi la Marekani waliowafuatilia majeruhi wa Vietnam waliona kwamba takriban theluthi mbili ya neva zilizoguswa na risasi zilirudi zenyewe. Ndiyo maana wengi hungoja kama miezi mitatu kabla ya kufungua. Wenye mashine za kupima umeme wa misuli huweza kujua mapema kidogo. Asiye nazo anaangalia na kungoja.

Kwa hiyo kati ya ile miezi kumi na miwili au kumi na minane, mitatu imekwenda kwa haki kabisa. Mingine huliwa na mambo yasiyo ya haki: barabara iliyofungwa, kambi iliyohamishwa, familia iliyokimbilia Minova au Rwanda, na mgonjwa aliyeambiwa arudi baada ya miezi mitatu lakini hakuandikiwa popote arudi kwa nani.

Twende sasa kwenye tiba yenyewe. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuona kwamba sehemu iliyotengwa na seli yake mama hufa yote mpaka mwisho. Ila kinachobaki si ukiwa mtupu. Seli zinazoitwa za Schwann, ambazo kazi yake ya awali ni kuvifunika vijinyuzi vya neva, husafisha mabaki, hujipanga mistari, na kutoa kemikali za kuziita nyuzi mpya. Nyuzi hizo, yaani aksoni, huhitaji kitu cha kushika. Mtu wa milima ya Kivu anayepanda maharage ya kutambaa anajua tofauti ya mmea uliowekewa mti na ule ulioachwa chini: yote miwili inakua, mmoja tu ndio unaofika juu. Aksoni zisipopata mti huviringana zikawa fundo lenye maumivu makali, na mgonjwa huongezewa taabu juu ya ulemavu.

Pengo likiwa dogo, ncha huvutwa na kushonwa. Likiwa kubwa, kuzivuta ni kosa, kwani neva inayokazwa hukosa damu. Hili alilisisitiza sana Hanno Millesi wa Vienna katika miaka ya 1960 na 1970, alipokuwa akishona mafungu ya neva chini ya hadubini. Tangu hapo njia inayoaminika ni kuchukua neva ya mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida ile iitwayo sural inayopita nyuma ya mguu, kuikata vipande na kuvitia pengoni. Mgonjwa hubaki na ganzi pembeni ya wayo maisha yake yote. Ni biashara nzuri kama una mguu wa kukopa. Aliyekatwa miguu yote miwili na bomu, naye neva ya mkono imekwenda, hana.

Ndipo viwanda vilipoleta mirija. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mrija wa kolajeni ya ng'ombe unaovalishwa ncha mbili za neva. Miaka miwili nyuma ulikwisha ruhusiwa mwingine wa plastiki inayoyeyuka mwilini. Mirija hii hufanya kazi kwenye mapengo mafupi. Ikizidi sentimita tatu hivi, matokeo huporomoka, kwa kuwa ndani yake ni tupu: aksoni zinaingia, zinatafuta cha kushika, hazikioni.

Uchapaji unaahidi kuujaza utupu huo. Printa hutoa wino wa haidrojeli tabaka juu ya tabaka, au huigandisha jeli kwa mwanga, ikiacha mifereji midogo inayofuata mwelekeo wa neva. Jeli hufaa kwa sababu neva ni laini. Seli zake huusoma ugumu wa zilipokaa, na kwenye kitu kigumu huleta kovu. Malighafi si ya ajabu. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, jambo ambalo wagonjwa Waislamu wana haki ya kuambiwa. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Kitosani hutoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Hata mwani mwekundu unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, una karajini, ambayo watafiti wameijaribu kama wino wa aina hii. Nasi tunauuza mkavu kwenye magunia.

Ushahidi uko wapi? Mwingi uko kwa panya. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Sheffield ilichapa mrija wa plastiki laini kwa mwanga wa leza na kuziba pengo la milimita tatu kwa panya mdogo. Mwaka huohuo Michael McAlpine wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walimpiga picha panya neva yake iliyogawanyika njia mbili, moja ya kuhisi na moja ya kuamrisha, wakachapa kiunzi chenye umbo hilohilo, na kila tawi wakalitia kemikali yake. Baada ya wiki kumi hadi kumi na mbili mwendo wa panya ulikuwa umeimarika. Mwaka 2019 watafiti wa San Diego walichapa kipande cha uti wa mgongo cha milimita mbili kwa sekunde 1.6, wakakijaza seli changa za neva, na panya waliokatwa uti wakapata tena kiasi cha mjongeo wa miguu ya nyuma. Kazi hiyo ya tatu ni nzuri mno kisayansi, na ndiyo inayonukuliwa hovyo kuliko zote. Uti wa mgongo hauoti wenyewe kama neva za mikono na miguu. Anayemwambia kijana wa Kanyaruchinya aliyepooza kiunoni kwamba printa inakuja, anamwibia muda wake wa kujifunza kutumia kiti cha magurudumu na kujikinga na vidonda vya kulalia.

Panya nao wana udanganyifu wao. Wanaota neva upesi kuliko binadamu, na njia yao nzima ni fupi. Pengo la sentimita moja kwao ni jaribio zito, wakati kipande cha bomu kikipita kwenye paja la mtu kinaweza kuacha pengo mara nyingi zaidi ya hapo, katikati ya kovu lisilo na damu ya kutosha. Kiunzi kilichochapwa vizuri kikiwekwa kwenye kovu hilo hakitafanya muujiza.

Kwa binadamu, jaribio ninalolipa uzito zaidi ni la Kyoto, na lina kichekesho ndani yake: halikutumia haidrojeli kabisa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakishirikiana na kampuni ya Cyfuse, walichukua seli za ngozi ya mgonjwa, wakazikuza, wakazifanya viduara, wakavichoma kwenye sindano nyembamba kwa mashine mpaka vikashikana vyenyewe kuwa mrija hai. Wagonjwa walikuwa watatu, wote wenye neva za mkononi zilizojeruhiwa. Matokeo yaliyotangazwa 2023, baada ya kuwafuatilia mwaka mzima, yalionyesha kwamba hisia zilirudi kwa wote watatu bila madhara makubwa. Watatu ni wachache, lakini ni watu, na mrija ulishika.

Tuulete mrija huo Goma kimawazo. Mgonjwa afike, akatwe ngozi, seli zikuzwe kwa wiki kadhaa kwenye chumba kisafi chenye joto lisilobadilika, zichapwe, zikomae, kisha arudi kwa upasuaji wa pili. Umeme ukikatika siku moja, kazi imekwisha. Januari 2025 Goma ilikosa umeme na maji kwa siku kadhaa na uwanja wa ndege ukafungwa. Na hata kama kila kitu kingekwenda sawa, njia hii inamla mgonjwa wiki nyingine kati ya zile alizobakiwa nazo. Tiba hai inayotengenezwa kwa mtu mmojammoja imebuniwa kwa ajili ya mtu ambaye ana anuani, simu inayopatikana, na hospitali itakayokuwa palepale mwezi ujao.

Kuna mkondo mwingine wa utafiti usiopigiwa kelele: viunzi visivyo na seli, vilivyochapwa na mifereji yake, vikakaushwa, vikafungwa bila vijidudu na kukaa kabatini mpaka siku ya kutumika, ambapo hulowekwa kwenye maji ya chumvi. Kwa wanasayansi hiki ni kidogo, kwani seli hai huongeza nguvu ya uotaji. Kwa Ndosho ndicho chenye maana, kwa kuwa hakimngojeshi mtu. Siku daktari anapofungua baada ya miezi mitatu na kukuta pengo, kiunzi kipo, cha urefu wa aina mbalimbali, na mguu mzima wa mgonjwa haukuguswa. Kama ningekuwa na sauti kwenye mfuko wowote unaogawa fedha za utafiti huu, ningeomba robo ya zile zinazokwenda kwenye viunzi hai zihamishiwe kwenye viunzi vikavu. Sidhani kwamba zitahamishwa. Kitu kilichokauka hakivutii majarida.

Hata hivyo kiunzi kikavu kinahitaji mikono. Kushona neva ni kazi ya uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya miwani ya kukuza au hadubini. Kinahitaji pia mazoezi ya viungo kila siku, ili vidole visikakamae vikingoja. Goma ina mahali pa kazi hiyo: kituo cha Shirika la Umoja kimekuwa kikitengeneza miguu ya bandia na kuwafanyisha mazoezi watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Kiungo kilichokakamaa hakisaidiwi na neva iliyorudi.

Na pale muda ulipokwisha pita, kuna tiba ya kale isiyohitaji neva hata kidogo. Kano ya msuli ulio hai huhamishwa ikafanya kazi ya msuli uliokufa. Kwa kiganja kinachoning'inia huchukuliwa kano za upande wa kukunja zikapelekwa upande wa kunyoosha. Kwa unyayo unaoburuta huchukuliwa ile ya nyuma ya mguu ikaletwa mbele. Upasuaji huu ulikuzwa sana na madaktari wa ukoma, Paul Brand wa Vellore, India, akiwa mashuhuri kati yao. Kwa mtu wetu wa risasi ya paja, ambaye hesabu yake haikufunga tangu mwanzo, kama misuli ya kuazima ipo kano itampa hatua ndani ya miezi michache, na kama haipo kuna kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu. Sijaona kiunzi kilichochapwa kinachokaribia kushindana na hilo.

Ukoma wenyewe haujaondoka. Kongo bado huandikisha wagonjwa wapya kwa maelfu kila mwaka, na kwao neva imeharibiwa kwa ndani, haina pengo la kuziba. Vivyo hivyo mama aliyekaa na uchungu siku tatu, kichwa cha mtoto kikazikandamiza neva za nyonga, akaamka na fistula pamoja na unyayo unaoburuta. Hospitali ya HEAL Africa ya Goma na ya Panzi ya Bukavu zimewatibu wengi wenye fistula. Neva zao zimekandamizwa tu, hazikukatika, na nyingi hurudi kwa muda na mazoezi.

Wapo watakaosema eneo la vita haliwezi kufanya utafiti wa hali ya juu. Kivu Kaskazini imekwisha wajibu. Novemba 2018 jaribio la dawa nne za Ebola lilianza Beni, likaendelea huku vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikishambuliwa Februari 2019, na kufikia Agosti mwaka huo dawa mbili zilionekana kuokoa maisha zaidi. Moja ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Ila tofauti ni kubwa: jaribio lile lilihesabu waliokufa na waliopona ndani ya siku 28. Jaribio la neva huhitaji kumwona mtu yuleyule baada ya mwaka, pengine miwili. Kati ya 2008 na 2025 si rahisi kuipata miaka miwili ambayo mtu wa Kibati angehakikishiwa kulala kwake.

Kwa hiyo nani angekuwa wa kwanza kufaidika? Si askari aliyepasuliwa paja. Ni aliyejikata kiganja kwa panga shambani, au aliyeshika chupa iliyovunjika: jeraha safi, pengo la sentimita moja au mbili, neva ya kidole inayohitaji safari fupi tu. Wagonjwa wa Kyoto nao walikuwa wa neva za mkononi. Watu hawa leo hushonwa ngozi na kurudi nyumbani, na ganzi ya kidole huchukuliwa kuwa sehemu ya kupona, mpaka siku kidole kinapoungua kwenye jiko la makaa bila mwenyewe kuhisi.

Kuwatambua hakuhitaji printa. Daktari O'Riain aliandika mwaka 1973 kwamba kidole chenye neva iliyokatika, kikitiwa kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, hakikunjamani kama vingine. Muuguzi wa zahanati anaweza kuliona hilo kwa macho na kuandika rufaa siku hiyohiyo. Anahitaji beseni na maji, ingawa Kibati, iliyokaa juu ya mawe ya lava yanayonyonya kila tone, wengi hukinga maji ya mvua, na kiangazi hata beseni moja la maji ni la kupangiwa.